Sauti Niliyoiita ya Hiari

Niliisikia kompyuta kabla sijamwona mwenye nayo. Nje ya chumba changu cha Mkonze, katikati ya upepo wa Julai, sauti yenye mafua ilikuwa ikisema, "Betri, asilimia arobaini." Kisha mwalimu akaingia, kompyuta ameikumbatia ikiwa wazi, fimbo yake nyeupe ikitafuta njia sakafuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka, bodaboda ananisubiri."

Haoni tangu utotoni. Mchana ule alikuwa na usaili mjini, wa kazi ya kufundisha kompyuta watoto wasioona. Angefanya mtihani kwa mashine yake mwenyewe, kwa kuisikiliza. Ilikuwa imeanza kuwa nzito kufanya kazi, akataka niipunguzie mzigo. Kazi hizo za ufundi ndizo zinazonilisha, huku nikijiita mwandishi wa riwaya.

Nilimuuliza kama bado anatumia programu ya vitabu vya sauti. Akasema hapana. Nikaiondoa. Programu nyingi haziji zenyewe tu. Huja na wasaidizi, wengine wa lazima, wengine wa hiari. Ukimwondoa aliyewaleta, kompyuta huwaona wasaidizi kuwa yatima, hukuonyesha majina yao na kukuuliza: niwaondoe pia? Sisi tuliozoea kubana vifurushi vya intaneti tuna tabia ya kufagia chochote cha hiari. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma.

Mwalimu akagusa kitufe. Kimya. Akagusa tena, akainamisha sikio.

"Umeifanya nini?"

"Nimeondoa vile vya hiari tu, mwalimu. Kumbe sauti ya Kiswahili ilikuwa humo."

"Hiari ya nani?"

Nikashukuru kwamba haoni uso wangu, kisha shukrani hiyo ikaniaibisha kuliko kosa lenyewe.

Nikaanza kuipakua sauti upya. Mtandao ukatambaa, ukasimama. Nikawasha sauti ya Kiingereza iliyokuwa imebaki, nayo ikaanza kusoma maandishi ya mwalimu ya Kiswahili. Akacheka.

"Mzungu huyu kapotea njia ya Kondoa!" Kicheko kikakatika. "Na wewe unatuandikia vitabu vizima, mistari michache imekushinda kusoma?"

Honi ikalia nje.

"Subiri kidogo, mwalimu, tafadhali. Itashuka."

"Wale wa usaili hawasubiri mtandao wako."

"Basi nije nawe, niwaeleze kosa ni langu."

"Uwaeleze! Mwalimu wa kompyuta aje ameshikwa mkono na fundi wake? Watanipa kazi hapo?"

Aliikunja mashine, akaitia mkobani. Nilinyoosha mkono nimsaidie kizingitini. Akaukwepa, sijui alijuaje ulipo. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alitoka, akapapasa nyuma yake hadi akakipata kitasa, akauvuta mlango taratibu ukafungika.