Mtu Aliyekuwa Kiti cha Mjane

Watazamaji wote waliamini kwamba gari lile halikuwa na dereva, na aliyeujua uongo huo kuliko wote alikuwa dereva mwenyewe.

Lilikuwa gari refu, jeusi, la mtindo wa zamani, lenye taa za duara zilizochomoza mfano wa macho ya mtu aliyekesha akilia. Katika mchezo wa televisheni ulioletwa kila wiki, jina lake lilikuwa Mjane. Mjane alitembea peke yake, usukani ukizunguka pasipo mkono, akamfuata dhalimu hadi mlangoni kwake, akasimama hapo na kungoja. Hakumgonga mtu hata siku moja. Alingoja tu, injini ikinguruma polepole, mpaka mwovu atoke mwenyewe na kukiri. Watoto mitaani, wakiona gari lolote jeusi limeegeshwa, walitimua mbio huku wakipiga kelele: "Mjane huyo! Nani kaiba sukari?"

Siri ya Mjane ilikuwa katika sindano ya mwanamke mmoja. Dereva wake, mtu mrefu, mwembamba, mchache wa maneno, alikuwa zamani akiendesha gari la kubebea maiti, kazi iliyomfunza kwenda taratibu na kutogeuka nyuma. Mkewe alikuwa mshonaji wa viti vya magari. Ndiye aliyemkatia vazi la ngozi bandia, nyekundu iliyokoza, lenye mishono na vifungo sawasawa na viti vingine vya Mjane, likamfunika kutoka utosini hadi magotini. Mbele ya macho alitia kitambaa cha wavu, na mikono ikapenya chini kushika usukani mahali ambapo kamera haifiki. Kiti halisi cha dereva kilikuwa kimeng'olewa, vikabaki vyuma vitupu. Mtu huyo akiketi juu ya vyuma vile, hakuwa na uso wala mabega. Alikuwa kiti.

Na kwa kuwa asiyeonekana ni rahisi kusahauliwa, wafanyakazi walijiwekea kanuni. Kabla ya gari kuguswa, mwongozaji wa mchezo huuliza, "Kiti kipo?" naye hujibu, "Kipo." Kazi ikiisha huulizwa kwa redio ya mkononi, "Kiti kimetoka?" hujibu, "Kimetoka." Ndipo gari huweza kusukumwa, kuvutwa au kuinuliwa. Maneno machache, na uhai wa mtu umo ndani yake.

Basi ulimi ukazoea. Gari likawa ni mtu: Mjane amechoka, Mjane ana kiu ya mafuta, mfuteni macho. Mtu akawa ni kitu: Kiti kimekunywa chai? Kiiteni. Hapakuwa na dharau ndani yake, ila utani wa kazini.

"Usinune, mzee," fundi wa breki alimwambia siku moja, akimpigapiga begani. "Wenzio wanagombea viti kila uchaguzi, wewe umezaliwa nacho."

"Nawe unalala chini ya Mjane kila siku," dereva akajibu. "Mkeo anajua?"

Wakacheka wote, na fundi akacheka kuliko wote.

Dalili ya kwanza ilitokea nyumbani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akasikia mlango, akauliza bila kugeuka, "Baba, upo?"

"Kipo," mumewe akajibu kutoka chumba cha pili.

Mkewe akacheka. Siku nyingine akauliza tena, akajibiwa vile vile, na safari hii hakucheka, kwa maana sauti haikuwa na mzaha.

"Umesemaje?"

"Nimesema nipo."

"Umesema kipo."

"Masikio yako hayo, mama. Cherehani imekutia uziwi."

Kisha jioni moja binti yao alirudi kutoka shule, akaingia sebuleni, akautupa mkoba wake kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akaenda zake jikoni. Aliporudi kuuchukua alipiga yowe. Mkoba ulikuwa mapajani mwa baba yake. Baba alikuwa ameketi muda wote ule, macho wazi, wala hakuushika mkoba wala hakuuondoa.

"Baba! Mbona hukusema?"

Alimtazama mtoto kama anayemtafuta kwa mbali. "Hukuniuliza," akasema.

Usiku huo mkewe hakupepesa maneno. "Iache kazi hii. Mimi niliolewa na mtu."

"Kimebaki kipindi kimoja tu, Mjane anatumbukia machimboni, hadithi inakwisha. Niache nimalize." Kisha akasema kwa upole uliomtisha mkewe kuliko hasira: "Humo ndani ni kimya, mama. Hata mawazo hayanioni."

"Nitakuja siku hiyo."

"Wageni hawaruhusiwi."

"Mgeni nani? Nusu ya Mjane nimeishona mimi."

Akaenda kweli, na kisanduku chake cha sindano mkononi, moyoni akimwomba Mola amrudishie mumewe kama alivyompokea.

Machimbo yale yalikuwa yameachwa zamani, ukuta wa mawe mekundu ukishuka hadi kwenye maji yasiyo na wimbi. Mpango ulikuwa mwepesi. Dereva angemleta Mjane hadi ukingoni, angesimama, angetoka, kisha gari tupu lingevutwa kwa waya wa chuma mpaka litumbukie. Mwongozaji aliinama dirishani. "Kiti kipo?" "Kipo." Mjane akaondoka, akafika ukingoni, akasimama kwa adabu yake ile ile. Vumbi likatanda. Mlango wa dereva ulielekea upande wa pili, hakuna aliyeuona.

Mwongozaji akainua redio. "Kiti kimetoka?"

Redio ikakwaruza. "Kimetoka," ikasema. Ilikuwa sauti ya dereva, tulivu, haina hata chembe ya shaka.

Waya ukaanza kukaza. Mkewe alingoja aone mumewe akizunguka nyuma ya gari, akijipangusa vumbi kama kawaida yake. Hakuzunguka mtu. Vumbi lilipopungua alitazama dirishani, akaona wekundu wa ngozi aliyoikata kwa mkono wake, umekaa wima mahali palipopaswa kuwa na vyuma vitupu.

"Simamisheni!"

"Mama, amesema kimetoka," fundi wa breki akamwambia, akijaribu kumshika mkono.

"Kimetoka kiti! Mume wangu je?"

Akamponyoka, akakimbia, akaangukia kwenye kioo kwa viganja vyote viwili. Ndani, kitambaa cha wavu kilikuwa kimetulia kama pazia la nyumba iliyohamwa. Hakusema Kiti. Alimwita kwa jina alilopewa na mama yake mzazi, jina ambalo pale kazini hapakuwa na mtu aliyelijua.

"Upo?"

Waya ukalia, na Mjane akasogea kidogo kuelekea chini.

"Nakuuliza wewe, baba wa mwanangu. Upo?"

Ile ngozi ikatikisika kifuani, kama mtu anayekumbuka kuvuta pumzi. "Ni…" ikasema, ikakwama. Kisha: "Nipo."

Fundi alikwisha kuukata umeme wa mtambo wa kuvutia waya. Wakamtoa, wakamvua vazi, naye akatetemeka juani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Kwa nini umejibu kimetoka?" mwongozaji aliuliza.

"Sikujibu. Sikuulizwa."

"Na kwa nini hukutoka?"

Dereva alifikiri kwa bidii, akitaka kusema kweli. "Nilisimama, nikangoja. Sikukumbuka kwamba natakiwa kutoka. Kiti hakitoki."

Fundi aliokota redio ya dereva chini ya usukani, akaifungua nyuma ili aione betri. Hamkuwa na betri. Akaifunga taratibu, wala siku hiyo hakufanya tena utani.

Kamera ilikuwa imekwisha kukinasa kiti Mjane akivutwa, hivyo mkewe mwenyewe akalifunga lile vazi tupu juu ya vyuma, akakaza uzi kwa mafundo ya mshonaji asiyetaka kitu kifumuke. Watu wakarudi nyuma. Mwongozaji, kwa mazoea au kwa hofu, aliiinua redio. "Kiti kipo?" Haikujibu kitu. Waya ukavuta. Pua ya Mjane ilipoinama kuelekea maji, taa zake nyekundu za nyuma ziliwaka ghafla, kama za gari ambalo mtu amekanyaga breki kwa nguvu zote.

"Jana nilizikata nyaya za taa hizo," fundi alisema, bila kumlenga mtu yeyote.

Watazamaji waliipenda sana sehemu ile, wakaisimulia mpaka ikachosha.

Sasa yule bwana anamkatia mkewe ngozi za viti, na mkono wake ni mzuri, huenda taratibu na hauharibu kitambaa. Binti hukaa karibu naye akifanya kazi za shule, na humgusa begani apitapo, makusudi. Mkewe akiwa chumba cha pili bado huita, "Upo?" Hupita kitambo kifupi kabla ya jibu, na katika kitambo hicho mguu wa mkewe huinuka kwenye kanyagio na cherehani hunyamaza.

"Nipo."

Humshukuru Mungu. Lakini mguu haurudi upesi. Hukaa kwanza asikilize, kama kuna kingine kitakachojibu.