Hewa Safi na Mvua

Swali la saba liliuliza msitu unakufaidisha vipi, na kule kwetu, juu ya mji wa Runyenjes, kila nyumba ilinijibu vilevile: hewa safi na mvua.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa muda kuzunguka na simu yenye fomu, nikiuliza watu wanapata nini msituni ili ichorwe ramani. Ukitaja kuni, nyasi za ng'ombe, asali au maji ya chemchemi, upande wenu unapakwa rangi, na ua wa umeme wa kuzunguka msitu ukijengwa mtaachiwa mlango. Hayo niliyaeleza mpaka koo likakauka. Watu waliitikia kwa adabu, wakilitazama koti langu la kazi, kisha wakasema hewa safi. Mmoja alisema hivyo akiwa amekalia mzigo wa kuni! Najua, askari wa msitu walikuwa wamewakamata mara nyingi, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hata kwangu jamani?

Nikafika kwetu. Mama alikuwa jikoni akipika githeri, macho mekundu kwa moshi. Nyumbani tunaongea Kiembu, ila kwa sababu ya lile koti alinijibu kwa Kiswahili, lugha yake ya wageni.

"Kuni mnatoa wapi, mami?"

"Sisi hatuendangi forest. Tunatumianga gesi."

"Gesi gani? Mtungi uko wapi?"

"Wewe andika vile nimesema."

Nilikasirika. Nikamwambia atajuta, akanipakulia githeri. Masharti ya kazi yalisema jibu liandikwe kama lilivyotolewa, na mimi, mjinga niliyesoma, nikaandika gesi. Nilijiambia shauri yao.

Baada ya miezi kadhaa chifu aliita baraza. Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa shule. Pande za vijiji jirani zilikuwa kijani, upande wetu mweupe kabisa, kana kwamba hakukai mtu. Ua ungepita kwetu bila mlango, na mlango wa karibu ungekuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu siku ukiwa na mzigo mgongoni.

Mama akasimama. "Mimi natoa kuni huko tangu niolewe! Na hawa wote pia!"

Afisa aliyeleta ramani alisema kwa upole kwamba imeshapitishwa, na kwamba hapa kila mtu alikana kuingia msituni. Akauliza nani alihoji upande huu. Vichwa vyote vikanigeukia, nami nikatamani ardhi inimeze.

"Ni huyu mtoto wangu," mama alisema. "Msimlaumu. Ni sisi tulimdanganya."

Nilishusha pumzi. Alikuwa bado amesimama, ananitazama.

"Lakini hata yeye alikuwa anajua."