Mbuzi Aliyepigiwa Kampeni na Bibi

Juzi nimepita shuleni kwa wanangu, Mbezi Beach, nikakuta watoto wamepanga foleni wanapigia kura kitabu walichokipenda kuliko vyote. Nikacheka peke yangu pale getini. Na sie Goba tulifanyaga hivyo hivyo, enzi zile kukiwa bado vichaka vitupu.

Mwalimu wetu alileta boksi la vitabu lililokuwa likizunguka shule kwa shule. Sharti lake: hujasoma, hupigi kura. Kitabu kitakachoshinda kinabaki kwetu moja kwa moja, vingine vinarudi kwenye boksi na kwenda zake.

Mie nilikipenda cha mbuzi aliyetoroka mnadani akarudi kwao kwa miguu. Bibi yangu ndiyo usiseme. Alikuwa akiuza maandazi nje ya shule, na jioni akikaa uani kukanda unga ananiambia, "Haya, leta yule mbuzi wetu." Nasoma, huku harufu ya iliki imejaa kote, naye anacheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la kanga.

Basi bibi akaapa mbuzi haondoki. Weee! Akapiga kampeni kuliko mgombea udiwani. Mtoto akija kununua andazi, anaulizwa, "Umeshamsoma mbuzi?" Akieleza vizuri, anaongezewa lingine. Jamani, walisoma hadi watoro! Mwalimu akapata habari, akatoka mpaka getini.

"Shikamoo bibi. Sasa hiyo si rushwa?"

"Marahaba mwanangu. Rushwa iko wapi? Nawalisha wasomaji wako."

Mwalimu alicheka sana, ila akakataza. Siku ya kura tukatumbukiza punje za mahindi kwenye makopo, kila kitabu na kopo lake. Wenzangu maandazi ya bibi wamekula, kura wakakipa kitabu cha jini la chooni. Nililia kwa kwikwi boksi lilipobebwa, mbuzi wetu akiwa ndani.

Jioni bibi akamimina unga kwenye beseni kama kawaida. "Haya, leta."

"Bibi, kitabu kimeondoka."

"Kwani nimekuomba kitabu?"

Nikaanza kusimulia kwa kichwa. Nilipofika pale mbuzi amechoka njiani, nikasahau kilichofuata. Bibi hakungoja. Akamwimbia mbuzi wimbo wa kwao Upareni, taratibu, mikono imezama kwenye unga, mpaka mbuzi akainuka akaendelea na safari. Toka siku hiyo tukawa tunasimulia hivyo, miaka na miaka, na watoto wa jirani wanakuja kusikiliza.

Bibi ametutoka, na pale alipokuwa akikaa pamejengwa fremu za maduka. Nammiss, acha tu. Wanangu huwa wananiomba mbuzi. Namtoa mnadani vizuri kabisa, nampandisha vilima, lakini akichoka nakwama, maana wimbo ule ulikuwa wa Kipare na mie Kipare sikujifunza. Basi namwinua hivyo hivyo, kimya kimya, namfikisha kwao. Wanangu wanapiga makofi, wanadhani hadithi imekamilika.