Kombe Kavu

Mfuko ule niliushona mwenyewe, kwa nailoni angavu, ile ya kutandika juu ya vitambaa vya meza. Nilikuwa najifunza ushonaji kwa fundi mmoja hapa Kilwa Kivinje, na siku ile sikugusa suruali ya mteja hata moja. Nilikata nailoni, nikatia zipu iliyobaki kwenye gauni la mtu, nikauona mfuko umekuwa mkubwa mno, nikaufumua, nikaanza tena. Fundi wangu akanitazama juu ya miwani.

"Unashona nini?"

"Mfuko wa kupandia ndege."

"Ndege inapandwa kwa tiketi, kijana," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Tiketi zilikuwepo. Mama yangu mdogo anaishi Maskati na mumewe. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ya tatu daktari wa kule alimwambia alale tu, asinyanyue hata ndoo. Akampigia simu bibi, yaani mama yake, akalia, akasema anataka vitu viwili: anataka mama yake, na anataka kombe la maalim wa kwetu, yule aliyemfundisha kusoma Kurani alipokuwa hajui hata kujifunga ushungi. Kwa asiyelijua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha sahani ikaoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa. Kwetu mtu akiumwa huenda hospitali na huandikiwa kombe pia. Bibi haoni kwa nini achague kimoja.

Bibi mwenyewe ana sukari. Hujidunga insulini asubuhi na jioni, na macho yake siku hizi hayaioni mistari midogo ya bomba la sindano, kwa hiyo mimi ndiye ninayempimia. Ndiyo maana baba mdogo wa Maskati alituma tiketi mbili. Mimi ndege nilikuwa nazijua kwa tumbo tu, zinavyopita juu ya mapaa yetu na kwenda zake. Tangu nikiwa darasa la pili nilikuwa na hamu ya kuujua mgongo wa ndege. Na nilikuwa nimeshajipangia kwamba nitaitazama Kilwa yote kutoka juu, msikiti wetu na uwanja wa mpira na bati la banda la fundi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Maskati iko upande mwingine.

Baba mdogo akatuma maelezo kwa sauti kwenye simu. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu sanduku la chini linaweza kupotea na huko kuna baridi ya kuharibu insulini. Kila dawa iwe kwenye boksi lake lenye jina la bibi, na barua ya daktari iwepo. Maji na mafuta na kila kinachomwagika visizidi mililita mia kwa chupa, na chupa zote ziingie kwenye mfuko mmoja mdogo unaoonyesha ndani. Nilisikiliza sauti ile mpaka nikaijua kama wimbo. Nikatafuta mililita mia ni kiasi gani, nikaikuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi ya watoto. Nikaipeleka nyumbani.

Bibi alikuwa amekaa kitandani anafungua vidonge vyake vya presha kutoka kwenye maboksi na kuvifunga kwenye pindo la kanga. Vitu vyake vyote vya thamani hukaa kwenye pindo.

"Bibi, vidonge virudi kwenye boksi."

"Boksi linajaza begi bure, mume wangu." Bibi huniita hivyo tangu nazaliwa. "Nikivifunga hapa navijua. Fundo hili la asubuhi, hili la jioni."

"Askari hatalijua fundo la jioni."

Akavirudisha kimoja kimoja, huku ananung'unika kwamba ameolewa na mwanamume mwoga. Nilipogeuka nikaliona kombe. Maalim alikuwa ameshaliosha na kulitia kwenye chupa kubwa ya maji ya kunywa. Lilijaa mpaka shingoni, la manjano, linanukia mawaridi.

"Hii haipiti," nikasema.

"Haipiti wapi?"

"Uwanja wa ndege. Mwisho ni hii." Nikamwonyesha chupa ya kikohozi.

"Hayo maji ya kumpa kifaranga."

"Ndiyo sheria, bibi."

"Basi iende kwenye sanduku kubwa."

"Sawa."

Akafikiri kidogo. "Sanduku kubwa linakaa wapi?"

"Kwenye tumbo la ndege. Chini."

"Chini ya nani?"

"Chini ya abiria."

"Chini ya miguu ya watu," akasema bibi. "Pamoja na viatu vyao. Haiendi."

Jioni ile nilizunguka mtaa mzima kuomba chupa tupu za dawa ya kikohozi. Nikazichemsha, nikazikausha, nikazijaza kombe kwa faneli, nikazipanga kwenye mfuko wangu wa nailoni. Mfuko ukajaa kabla kombe halijafika hata nusu, na dawa ya meno ilikuwa bado iko nje. Nikaurudisha mfuko nyuma kidogo, nikautazama kwa jicho la askari. Chupa ndogondogo za maji ya manjano, zimejipanga. Zilifanana na vitu vinavyopelekwa maabara, na Mungu anisamehe kwa wazo lile. Nikazitoa zote. Nikazirudisha. Begi lile nililipanga na kulipangua, insulini juu, insulini chini, barua ya daktari mfuko wa mbele, hapana, wa ndani, mpaka bibi akaniambia zipu itaanza kulia.

"Kaa chini. Kinachokuhangaisha nini hasa?"

"Maji, bibi. Maji ndiyo wanayoyakataa."

Bibi alikuwa anajipaka mafuta ya nazi miguuni, maana ngozi yake hukauka sana kwa sababu ya sukari. Akaendelea kujipaka.

"Kwani Maskati hakuna maji?"

Nikamtazama.

"Maalim aandike, asioshe," akasema. "Tutaosha huko."

Asubuhi tulikuwa kibarazani kwa maalim na sahani mpya.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Mmeshalinywa lote lile?"

Bibi akamweleza. Maalim akacheka mpaka akaivua kofia, kisha akatia udhu upya, akakoroga zafarani na marashi, akaandika pole pole, mistari inazunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Sahani ikakauka kivulini. Alipotukabidhi alinitazama mimi, si bibi.

"Lisiguswe na maji wala jasho. Na mwenye kulibeba asiingie nalo chooni. Safari ndefu hiyo, kwa hiyo jipange."

Lile la kwenye chupa tulilinywa sisi wawili, maana kombe halimwagwi ovyo. Bibi akasema labda litanitia utulivu. Halikunitia.

Sahani tuliifunga kwenye kanga kuukuu ya bibi, iliyolainika kwa kufuliwa, tukaiweka juu kabisa kwenye begi la mkononi. Kwenye basi la Dar es Salaam begi nililipakata. Kila tuta la barabarani lilinipitia mimi kwanza kabla ya kuifikia sahani. Kule Miteja na kote basi liliposimama watu wakanunua korosho na maji. Mimi sikunywa tone, kwa ajili ya lile neno la chooni. Bibi ndiye aliyeshuka kila mahali, maana sukari haimpi mtu nafasi, na kila akirudi huniuliza, "Mzima?" Haniulizi mimi. Anaiuliza sahani.

Uwanjani tukafika kwenye zile mashine. Niliyokuwa nayahofia kuliko yote yalikuwa insulini na sindano, na hayo ndiyo yakapita kama salamu: askari, dada mmoja mwenye glovu, alisoma barua, akaangalia maboksi, akayarudisha. Mfuko wangu wa nailoni akaunyanyua, akaugeuza.

"Umeununua wapi huu?"

"Nimeushona."

"Mzuri," akasema, na mimi nikavimba kifua. Kisha akauingiza mkono chini kabisa ya begi, akatoa chupa nene ya mafuta ya nazi ambayo sikuiweka.

"Na hii?"

Nikamgeukia bibi. Bibi akatazama dari.

"Ya kumkandia mwanangu mgongo," akasema. "Yuko kitandani, mjamzito."

"Hairuhusiwi, bibi yangu. Kubwa mno."

Bibi hakubishana. Aliifungua, akamimina kiganjani, akajipaka mikono mpaka viwikoni, akajipaka shingo, kisha akanishika mikono yangu miwili akaipaka na kuisugua kama ya mtoto anayepelekwa shule. Watu nyuma yetu walikuwa wameshaanza kukohoa.

"Lete na wewe," akamwambia yule dada. "Umepauka."

"Nina glovu, bibi."

"Zivue."

"Siruhusiwi, bibi," akasema, lakini alikuwa anacheka. Chupa ikaenda kwenye pipa. Hapo ndipo yule dada alipoifungua kanga ya sahani.

Kicheko kikamwisha usoni. Aliitazama sahani, yale maandishi ya manjano yanayozunguka, akachukua kile kitambaa chao chembamba wanachopangusia mabegi kutafuta vitu vya hatari. Nilikiona kinashuka kuelekea katikati ya sahani.

"Ngoja, mwanangu," bibi akasema, kwa sauti ya chini. "Hayo ni maneno ya Mungu. Yakifutika hapa, mwanangu kule hana kitu cha kunywa. Mimba mbili zimemtoka."

"Lazima nipanguse, bibi. Ni kazi."

"Pangusa. Pangusa mgongo wake."

Yule dada akasimama na kitambaa hewani. Mwenzake wa mashine akamwita, hakugeuka.

"Haya, nipe niigeuze," akasema.

"Glovu hizo zimeshika viatu vya watu," bibi akasema kwa upole. "Ashike huyu. Ana udhu."

Basi nikaishika mimi, kwa mikono inayoteleza mafuta ya nazi. Niliinyanyua juu ya uso wangu kama mtu anayeangalia kama sahani ina ufa, na dada akainama akapangusa chini yake, pole pole, kwa duara. Nilikuwa naomba dua zote nilizonazo na nyingine nilizokuwa natunga palepale. Mashine ikatoa jibu lake. Akaniambia, "Funga vizuri, kaka." Kwa bibi akasema, "Mwenyezi Mungu amsalimishe." Nikaifunga haraka, nikaikumbatia kifuani na sikuiachia tena.

Kiti cha dirishani nilimpa bibi, kwa sababu mwenye sahani hakai mahali pa kujigongagonga. Ndege ikaondoka, na mgongo wake sikuuona. Bibi alinigusa bega: "Tazama, mume wangu, mawingu yako chini yetu." Nikanyoosha shingo, nikaona ncha ya bawa. Ningeinama zaidi ningeikandamiza sahani. Alipokwenda chooni alinikanyaga miguu, aliporudi alinikanyaga tena, na mimi nilijibana, nikiyahesabu maumivu ya kibofu kuwa ibada. Nilikuwa na furaha hata hivyo. Nilikuwa hewani, na mtu fulani kitandani alikuwa ananisubiri.

Mama mdogo tulimkuta amelala kwa ubavu, miguu imeinuliwa kwa mito. Alikuwa amekonda uso. Bibi alimbusu paji la uso, wakalia kidogo wote wawili, kisha bibi akaniambia, "Haya, fungua."

Nikaifungua kanga. Sahani ilikuwa nzima, haina hata ufa. Lakini nusu ya maandishi hayakuwepo. Mafuta ya mikono yangu na jasho la kifua vilikuwa vimepenya kanga ile laini, na zafarani ikahamia kwenye kitambaa. Mistari ilikuwa imelala pale kwenye pindo, manjano, imegeuka kinyumenyume kama maandishi kwenye kioo. Niliipakata safari nzima ili isidhurike, na kumbe kuipakata ndiko kulikoidhuru. Machozi yakanijaa. Mama mdogo akanitazama mimi, akamtazama mama yake.

"Limeharibika?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Bibi alishika kanga akaisogeza karibu na macho yake mabovu.

"Limepungua wapi?" akasema. "Aya zote zimo humu ndani ya chumba. Leteni bakuli."

Baba mdogo akaleta bakuli na maji ya kunywa. Bibi akaosha sahani kwanza, kwa vidole, mpaka ikabaki nyeupe. Kisha akalichovya lile pindo la kanga kwenye maji yaleyale, akalifikicha, akalichovya tena, akalikamua mpaka kitambaa kikatoa tone la mwisho. Maji yakawa ya manjano, na juu yake vikaelea vijiduara vidogo vya mafuta. Akamwinua mwanawe kichwa, akamshikia bakuli.

Mama mdogo alikunywa funda la kwanza, akasita. Nilidhani anataka kutapika.

"Mama," akasema, "lina mafuta ya nazi."

"Yale ya kukukanda," bibi akasema. "Walisema hayapiti. Kunywa."

Akanywa lote. Unyevu uliobaki kwenye kitambaa bibi akampaka tumboni, na mimi nikauliza choo kiko wapi.