Maji ya Ufipa Hayafiki Mia

Hasira zangu ziko karibu, na wanachuo wangu wanalijua hilo. Ukitaka kunitia wazimu, njoo uniambie umefundisha sayansi, nikuulize watoto wameshika nini mkononi, unijibu, "Wameshika daftari, madamu." Nitakutoa nje.

Nafundisha walimu watarajiwa namna ya kufundisha sayansi kwenye shule za msingi, hapa hapa Sumbawanga. Maabara tunayo, usije ukadhani hatuna. Ina mlango, ina meza, ina kabati lenye chupa zilizofutika maandishi, na hakuna mwenye ubavu wa kuzifungua. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kuwafundisha kufaragua zana, yaani kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyotupwa: chupa za maji, mirija ya peni, vifuniko vya soda. Wanatengeneza vizuri mno, nawapigia makofi. Kisha wanapelekwa mazoezi ya kufundisha, wanakuta darasa limejaa hadi mlangoni, kitabu kimoja, na haupiti muda wameshatupa zana zote wanaandika ubaoni tu. Kaka yangu, mwenye malori na duka la jumla mjini, huniuliza kila Idi, "Wewe, bado unafundisha watu wazima kuchemsha maji?" Nyumba nzima inacheka. Na mimi nacheka, lakini inaniuma, wallahi.

Binti mmoja alinifanya nijisahau nikaanza kuwa na matumaini. Kwao ni upande wa Kaengesa, wazazi wanalima mahindi na ulezi. Mpole, sauti ndogo, Kiswahili chake kimebeba Kifipa. Mara ya kwanza alipokwenda mazoezi aliugua, hakumaliza. Safari hii alikuwa anarudia, na chuoni kwetu hakuna kurudia mara mbili. Akishindwa, anafunga sanduku anarudi kwao bila cheti. Alilijua yeye, nililijua mimi, na alilijua mwalimu mkuu wa shule aliyopangiwa, maana tathmini ya mwalimu mkuu huyo ndiyo ingeamua.

Kabla hajaondoka alinifuata nyumbani Malangali, mtaa wa hapa hapa mjini, akanikuta napukuchua mahindi uani.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Naomba uniazime kipimajoto."

Miaka yote ninayofundisha, hakuna mwanachuo aliyewahi kuniomba kipimajoto. Wanaomba ruhusa, wanaomba alama. Nilikitoa kabatini nikamviringishia kwenye kipande cha kitenge, nikamwambia akikivunja asirudi. Alicheka, akajua natania.

Nilipokwenda kumkagua, upepo wa kule juu ulikuwa unakata masikio. Shule ipo kwenye uwanda usio na mti, na kila mtoto wa darasa la sita alikuwa ameagizwa aje na kijiti au bua la mahindi. Nilimkuta binti nyuma ya darasa, sufuria iko kwenye mafiga, watoto wamepanga foleni, na kila mmoja anainama kusoma kipimajoto kwa zamu. Maji yalikuwa yanatokota. Mtoto akisoma anapiga kelele, "Tisini na nne!" Anayefuata, "Tisini na nne!" Wengine walirudi nyuma ya foleni wasome tena.

Akawauliza kwa nini kitabu kinasema mia. Akawaeleza kwamba hewa ina uzito, inayakandamiza maji, na sisi wa Ufipa tumekaa juu sana, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka mapema. Waliopima wakapata mia walikuwa chini kabisa, usawa wa bahari. Basi msichana mmoja mwembamba akaruka, "Ndiyo maana maharage ya mama hayaivi!" Darasa likalipuka. Wakawa wanasemezana Kifipa, kila mtu anataka kueleza maharage ya kwao, na yule binti amesimama katikati ya moshi anacheka, macho yanamtoka machozi.

Mtume! Nilisimama pale na ukali wangu wote nikashindwa kuandika. Nilimpa alama za juu ambazo sijawahi kumpa mtu. Njiani kurudi nilikuwa naongea peke yangu.

Halafu ukaja mtihani wa pamoja wa kata. Swali lenyewe lilikuwa la kuchagua: maji huchemka katika nyuzijoto ngapi? Wakapewa thelathini na saba, tisini, mia, mia na ishirini. Tisini na nne haikuwepo. Habari za bahari watoto walikuwa wameshazisahau, nani kati yao ameiona? Walichokumbuka ni walichokisoma kwa macho yao. Karibu darasa zima likachagua tisini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa jirani.

Mwalimu mkuu alinipigia simu mwenyewe. Nilikwenda nimejaa mpaka hapa, nimejiandaa kugombana.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, mkufunzi. Karibu kiti."

Sikukaa. Nilimwambia kosa ni la aliyetunga swali, si la binti. Nilimwambia watoto wake ndio watoto pekee wa kata ile walioyapima maji badala ya kukariri, na ana bahati kupata mwalimu wa aina ile. Nilisema mengi, na mengine kwa sauti. Mzee wa watu alinisikiliza, amejikunyata ndani ya koti lake, hakunikatisha.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Ni kweli maji yetu hayafiki mia?"

"Ni kweli."

"Sikuwa najua. Nimefundisha mia maisha yangu yote." Akalivuta koti lake. "Lakini mkufunzi, wewe jioni utakuwa mjini. Hawa mwakani wanaingia la saba, na mtihani hauji kutuuliza tuliona nini. Ukiwaachia majibu mawili kichwani watachanganya. Nataka awafutie hili kabisa. Akiwafutia, tathmini yake naiandika vizuri leo hii. Asipowafutia, naandika kwamba anapotosha wanafunzi, na wewe unajua maana yake."

Nilitaka awe mtu mbaya, ningemweza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anawapenda wale watoto kwa njia aliyoweza, na kwa hesabu za pale alikuwa na haki. Nilikaa kwenye kile kiti.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, ameshasikia yote. Nilimwangalia, nikasubiri anikabili, aniulize, alie hata. Aliinamisha kichwa tu akaelekea darasani. Nilimfuata, nikasimama nyuma.

Aliandika ubaoni: Maji huchemka katika nyuzijoto mia moja.

"Mkiulizwa, jibu ni hili," akasema. "Andikeni."

Madaftari yakafunguliwa. Yule msichana wa maharage akanyoosha kidole, akasimama.

"Mwalimu, lakini sisi tuliona tisini na nne."

Sijui nilikuwa nataka nini. Nilitaka mtoto asikae. Nilitaka wengine wasimame naye, waseme wote tuliona, mimi nikiwemo. Binti alinitupia jicho mara moja. Kama angeniona natikisa kichwa labda angesema vingine, lakini ningetikisaje kichwa, niende kumpangia maisha gani huko kwao bila cheti? Nilibaki nimesimama.

"Siku ile moshi ulikuwa mwingi," akamwambia yule mtoto kwa upole, kwa sauti ileile ndogo. "Mlisoma vibaya."

Mtoto alifikiri. Niliona kabisa anafikiri, anarudi kwenye ile sufuria, anainama, anasoma. Kisha uso wake ukalegea.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Tulisoma vibaya."

Akakaa, akaandika. Wote wakaandika. Ni watoto watiifu sana, watoto wale.

Kengele ilipogongwa binti alitoka akanikuta barazani, anajifuta chaki mikononi.

"Madamu," akaniuliza, "kwa hiyo nimefaulu?"

"Umefaulu, mwanangu," nikamwambia.