Matope ya Josho

Kipkurui alisimama kando ya napia yake, nyasi ndefu za kulishia mifugo, akitazama tingatinga likipakia udongo wa josho la zamani, nje kidogo ya Ndanai. Kila Alhamisi kwa miaka ishirini aliogesha hapo ng'ombe wa kijiji kizima. Siku hizi kila mtu humpulizia ng'ombe wake dawa ya kupe peke yake, na kiwanja hicho kitajengwa chekechea.

"Mzee, sumu yote tumetoa," alisema Kebaso, msimamizi wa kazi. "Shimo lenyewe tumeling'oa."

"Na matope yake? Ulidhani tulikuwa tunayanywa na maziwa ya mursik?"

Kebaso alicheka, kisha akakitazama kiwanja upya.

Zamani, josho lilipokaushwa kila mwaka, watu wa kila boma walikuja na debe kulisafisha, na Kipkurui ndiye aliyewaonyesha kona ya kiwanja ya kumwagia matope. Wenzake hao wote wamezikwa. Kona ile ilipobaki bure alipanda napia, akajiambia kwamba mvua ilishaosha kila kitu. Akinyamaza leo, hakuna atakayejua. Lakini watoto hula udongo, na mjukuu wake Cheptoo ataanza shule hapo Januari.

Aliingia katikati ya napia, akakanyaga chini mara mbili.

"Ni hapa. Chimbeni."

"Si hii ndiyo unalishia ng'ombe, mzee?"

"Ndiyo hiyo. Ng'ombe mwenyewe ni mmoja tu."

Akashika njia ya nyumbani polepole, akamwambie mkewe amwage maziwa ya asubuhi.