Kano ya Marehemu na Fundi Vigae

Jopo la madaktari lilitamka rasmi, kwa maandishi na muhuri, kwamba goti la kulia la mgonjwa limepona na linafaa kwa shughuli zote za binadamu, isipokuwa kupiga magoti. Mgonjwa ni fundi vigae.

Kano iliyo chini ya pia ya goti lake ilikatika, ikashonwa, ikakatika tena, na safari hii hapakubaki cha kushona. Ndipo akapandikizwa kano ya marehemu mmoja ambaye, akiwa hai, aliridhia mwili wake uwafae wengine.

"Tafuta kazi ya kukaa," daktari alimshauri.

"Daktari, sakafu ya kutandikwa ukiwa kitini bado sijaiona."

Nyumbani, kila asubuhi alishika ukingo wa meza na kulikunja goti kidogo zaidi ya alivyoweza jana, jasho likimtiririka. Mkewe hakumhurumia.

"Baba watoto, huyo marehemu labda alikuwa karani. Kano yake haijazoea sakafu."

"Basi itajifunza kazi ukubwani, kama nilivyojifunza kukuvumilia."

"Kunja, acha maneno!"

Akakunja. Miezi ikapita, akaanza kupiga goti kwenye godoro, akahamia kwenye blanketi, mwisho kwenye saruji tupu.

Wiki iliyopita daktari yule alikuta korido ya wodi yake imefungwa. Fundi alikuwa katikati, magoti yote mawili chini, akigonga kigae kwa mpini wa mwiko na kusikiliza kama kina uwazi chini yake. Alimwomba daktari azungukie mlango wa nyuma, kwa kuwa saruji ilikuwa bado mbichi.